Jinsi ya Kusoma Matokeo ya Protini za Plazma: Mwongozo kwa Wataalamu Wachanga wa Maabara

Ripoti ya kawaida ya vipimo vya ini inayotoka katika maabara za Nairobi, ziwe za hospitali kubwa ya rufaa au za zahanati ya mtaa wa Kayole, huwa na mistari mitatu inayohusu protini: protini jumla, albumini na globulini. Mistari miwili ya kwanza imepimwa na mashine. Wa tatu haukupimwa na mtu wala chombo chochote, kwa kuwa globulini hupatikana kwa kutoa albumini kutoka kwenye protini jumla. Ajabu ni kwamba mstari huo ambao haukupimwa ndio, kwa maoni yangu, wenye habari nyingi zaidi, na ndio ambao wasomaji wengi wa ripoti huupita bila kuutazama. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa sayansi ya maabara na mtaalamu aliyeanza kazi karibuni, na unaeleza namna ya kuzifikia nambari hizo bila kudanganywa na sampuli, kisha namna ya kuzisoma kwa pamoja.

Protini zilizomo

Plazma, yaani maji ya damu yanayobeba seli, ya mtu mzima mwenye afya ina takriban gramu 60 hadi 80 za protini katika kila lita. Zaidi ya nusu yake ni albumini, ambayo kiwango chake cha kawaida ni gramu 35 hadi 50 kwa lita. Fibrinojeni, protini inayogandisha damu, huwa gramu 2 hadi 4, na sehemu iliyobaki ni kundi kubwa la globulini: vibebaji kama transferini na haptoglobini, vizuizi vya vimeng'enya, protini za mfumo wa komplementi (zinazosaidia kingamwili kuua vijidudu), na imunoglobulini, yaani kingamwili.

Jambo la kushika hapa ni mahali zinakotengenezwa. Karibu protini zote za plazma hutoka katika ini, isipokuwa imunoglobulini, ambazo hutolewa na seli za plazma zilizomo katika uboho, wengu na matezi ya limfu. Kwa hiyo ini linapochakaa, albumini hushuka lakini imunoglobulini hazishuki, na mara nyingi hupanda. Mwili wote ukiwa na maambukizi ya muda mrefu, mambo huwa hivyo hivyo kwa sababu nyingine kabisa. Msomaji anayeangalia protini jumla peke yake ataona 72 na kusema hakuna tatizo, kumbe ndani ya 72 hiyo albumini ni 27 na globulini ni 45.

Kuchukua sampuli

Kwa protini jumla, albumini na elektroforesisi (kutenganisha protini kwa umeme), tumia seramu, yaani maji yanayobaki baada ya damu kuganda, kutoka katika chupa yenye kifuniko chekundu au cha rangi ya dhahabu. Iache damu igande kwa takriban dakika 30 kabla ya kuizungusha kwenye sentrifuji, maana damu isiyoganda vizuri huacha nyuzi za fibrini zinazoziba sindano ya mashine. Plazma ya heparini (kizuizi cha kuganda kwa damu) inaweza kutumika kwa vipimo vya mashine, ila kumbuka kwamba fibrinojeni bado imo, hivyo protini jumla itakuwa juu kwa gramu 2 hadi 4 kuliko ya seramu ya mgonjwa yuleyule. Fibrinojeni yenyewe hupimwa katika plazma ya sitreti ya sodiamu, kwenye chupa ya kifuniko cha buluu iliyojazwa hadi alama yake, sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitreti.

Makosa makubwa hutokea kabla ya damu kufika maabara. Kamba ya kubana mkono ikikaa zaidi ya dakika moja, maji huvuja kutoka kwenye mshipa huku protini zikibaki, na matokeo hupanda bila mgonjwa kuwa na tatizo lolote. Mkao nao una athari: mtu aliyesimama ana protini nyingi kwa lita kuliko akiwa amelala, kwa tofauti inayoweza kufikia asilimia 10 hivi. Mgonjwa aliyepanga foleni asubuhi nzima na kutolewa damu mara tu alipoketi hawezi kulinganishwa moja kwa moja na yeye mwenyewe akiwa amelazwa wodini wiki iliyofuata. Daktari atakayeona albumini imeshuka kutoka 42 hadi 38 atafikiri ugonjwa umeanza, ilhali kilichobadilika ni mkao tu.

Hatari kubwa kuliko zote ni mkono wenye dripu, na kuna njia rahisi ya kuibaini. Tuseme jana mgonjwa alikuwa na protini jumla 72 na albumini 41, na leo ana 51 na 29. Gawanya ya leo kwa ya jana: 51 kwa 72 ni 0.71, na 29 kwa 41 ni 0.71 pia. Ugonjwa haushushi protini zote kwa uwiano uleule usiku mmoja. Maji ndiyo yanayofanya hivyo. Tazama glukosi na sodiamu za sampuli hiyo. Ukikuta glukosi iko juu kupita kiasi, huenda ni dripu ya dekstrosi, na ombi la sampuli mpya kutoka mkono mwingine lina haraka kuliko kutoa ripoti.

Zahanati nyingi za Githurai, Kawangware na Embakasi hazina mashine na hutuma sampuli mjini kwa pikipiki. Protini jumla na albumini ni vipimo vinavyostahimili safari, kwa kuwa seramu iliyotenganishwa na kuhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Kisichostahimili ni damu nzima inayotikiswa njiani kabla ya kutenganishwa. Seli nyekundu hupasuka, hemoglobini huingia katika seramu, na kwa kuwa hemoglobini nayo ni protini, protini jumla hupanda kwa uongo. Zahanati yenye sentrifuji ndogo inashauriwa kutenganisha seramu kwanza, ndipo sampuli ipande pikipiki.

Kupima

Protini jumla hupimwa kwa njia ya biureti. Ioni za shaba katika mazingira ya alkali hushikana na vifungo vya peptidi na kutoa rangi ya zambarau inayosomwa karibu na nanomita 540. Njia hii inaaminika kwa sababu kila protini ina vifungo hivyo, na haijali ni protini ipi. Seramu iliyojaa mafuta huwa na ukungu unaopandisha usomaji, kwa hiyo pima pia seramu ileile bila kitendanishi (kemikali ya kipimo) na utoe thamani yake.

Albumini hupimwa kwa rangi ya bromokresoli ya kijani, au ile ya zambarau. Hapa inahitajika tahadhari zaidi. Bromokresoli ya kijani hushikana na albumini papo hapo, lakini ikipewa muda huanza kushikana na globulini za alfa (kundi mojawapo la globulini) pia. Usomaji ufanywe ndani ya sekunde 30 za mwanzo. Ukichelewa, albumini itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Kosa hilo huwaathiri zaidi wagonjwa ambao albumini yao iko chini sana na globulini za alfa ziko juu, yaani walewale ambao nambari yao sahihi inahitajika mno. Fikiria mgonjwa mwenye protini jumla 55 na albumini halisi 18, ambaye mashine imemwandikia 22. Globulini yake halisi ni 37, lakini ripoti itasema 33. Kila kosa la albumini hulipwa na globulini, kwa upande wa pili. Rangi ya zambarau haina udhaifu huo kwa kiasi kikubwa, na maabara yenye uwezo wa kuchagua ingefaa kuichagua. La muhimu zaidi ni kutobadilisha njia katikati ya matibabu ya mgonjwa bila kumjulisha daktari wake.

Pima vielelezo vya udhibiti wa ubora vya viwango viwili, cha kawaida na cha chini, kabla ya sampuli za wagonjwa. Kielelezo cha kawaida pekee hakitaonyesha hitilafu ya bromokresoli, kwa kuwa hitilafu hiyo hujificha kwenye viwango vya chini.

Neno moja kuhusu vipimio. Mashine nyingine hapa mjini hutoa gramu kwa lita, nyingine gramu kwa desilita, na mgonjwa hubeba ripoti kutoka maabara moja hadi nyingine. Albumini ya 4.1 g/dL ni sawa na 41 g/L. Andika kipimio kila mara, hata unapotoa matokeo kwa simu.

Kusoma nambari kwa jozi

Anza na albumini, kisha globulini, na protini jumla iwe ya mwisho. Jiulize swali moja: je, zote zimeshuka, au moja imeshuka na nyingine imepanda?

Albumini ikiwa chini na globulini ikiwa ya kawaida au iliyoshuka kidogo tu, fikiria kwanza upotevu kupitia figo. Mfano ni mgonjwa mwenye protini jumla 48, albumini 17 na globulini 31, na uso uliovimba asubuhi. Pendekeza mkojo upimwe. Protini zaidi ya gramu 3.5 kwa siku, pamoja na albumini iliyo chini hivyo, huelekeza kwenye sindromu ya nefrotiki (figo kuvujisha protini nyingi mno). Mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili au mwenye ugonjwa wa utumbo unaovujisha protini huweza kupoteza albumini na imunoglobulini kwa pamoja.

Albumini ikiwa chini na globulini ikiwa juu, uwiano hupinduka. Kwa kawaida albumini huizidi globulini, na inapozidiwa, orodha ya sababu katika mazingira yetu ni ndefu: kusinyaa kwa ini, VVU, kifua kikuu, lupasi, malale, na kala-azar (ugonjwa wa vimelea unaovimbisha wengu) kwa mgonjwa aliyetoka Baringo, Pokot Magharibi, Turkana au Wajir. Wagonjwa wa aina hii hufika Nairobi kwa rufaa wakiwa wamezunguka sana, na globulini ya 55 au 60 iliyoandikwa katika ripoti ya kwanza kabisa mara nyingi ilikuwa tayari imetoa fununu. Zamani kala-azar ilipekuliwa kwa kipimo cha formalini, ambapo tone la formalini liliongezwa kwenye mililita moja ya seramu, na globulini ikiwa nyingi seramu iliganda na kuwa nyeupe kama ute wa yai lililochemshwa. Kipimo hicho hakikutofautisha kala-azar na magonjwa mengine yenye globulini nyingi, na sasa nafasi yake imechukuliwa na vipimo vya haraka vya kingamwili dhidi ya rK39 (protini ya kimelea cha kala-azar). Bado kinafaa kukumbukwa, kwa sababu kinaonyesha wazi ni kitu gani hasa kinachobadilika katika damu ya mgonjwa huyo.

Globulini ikizidi 40, iwe albumini iko chini au la, usiiache ipite bila maelezo. Tazama kama mgonjwa ana kipimo cha VVU na vya homa ya ini aina ya B na C. Agiza slaidi ya damu pia, maana seli nyekundu zilizopangana kwa mnyororo, pamoja na kasi kubwa ya kutuama kwa damu, huthibitisha kwamba wingi wa globulini si kosa la hesabu.

Globulini iliyo chini ya 20 hupuuzwa kupita zote. Katika mtoto anayerudi hospitalini na nimonia mara kwa mara, inaweza kuwa ishara ya kwanza kwamba mwili wake hautengenezi kingamwili. Zingatia umri hata hivyo, kwa kuwa mtoto wa miezi mitatu hadi sita huwa na imunoglobulini kidogo kwa kawaida, akiwa amemaliza za mama yake na hajajaza zake.

Zote zikipanda kwa pamoja, mgonjwa amepungukiwa na maji, au kamba ya kubana mkono ilikaa mno. Hakuna ugonjwa unaojulikana wa ini kutengeneza albumini kupita kiasi.

Mama mjamzito ana kanuni zake. Ujazo wa plazma huongezeka, albumini huzimuka, na thamani ya 31 katika miezi ya mwisho haina maana ileile iliyo nayo kwa mtu mwingine. Tumia viwango vya rejea vya ujauzito.

Kuhusu lishe, nina msimamo ambao si kila mtu wodini anaukubali. Albumini si kipimo kizuri cha lishe. Ni kweli kwamba mtoto mwenye kwashiakoo huwa na albumini ya chini, lakini mtu anaweza kukonda hadi mifupa ikaonekana huku albumini yake ikibaki ya kawaida, na mtu mnene mwenye usaha tumboni anaweza kuwa na 22. Uvimbe wa maambukizi huiamuru ini ipunguze utengenezaji wa albumini na huitoa albumini nje ya mishipa. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu, ambao kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 huashiria utapiamlo mkali chini ya milimita 115, unajibu swali la lishe vizuri zaidi na kwa bei ndogo.

Pale elektroforesisi inapohitajika

Globulini ikiwa juu bila sababu inayoeleweka, hatua inayofuata ni kuitenganisha. Arne Tiselius wa Uswidi alieleza njia ya kutenganisha protini za seramu kwa umeme mwaka 1937 na akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1948. Leo hufanywa juu ya jeli ya agarosi au ndani ya mrija mwembamba, katika myeyusho wa pH 8.6, ambapo protini zina chaji hasi. Albumini hutangulia kuelekea anodi, ikifuatiwa na alfa-1, alfa-2, beta na gama.

Soma eneo la gama la mchoro kwanza. Mlima mpana wenye miteremko ya taratibu unaonyesha kwamba seli nyingi tofauti zinatoa kingamwili nyingi tofauti, kama ilivyo katika maambukizi sugu. Kilele chembamba kilichosimama wima kinaonyesha ukoo mmoja wa seli unaotoa kingamwili ya aina moja, na hapo ndipo mieloma (saratani ya seli za plazma) huwaziwa. Beta na gama zikiungana bila bonde katikati, ini lililosinyaa ndilo la kufikiriwa, kwa sababu ya wingi wa IgA (aina mojawapo ya kingamwili). Alfa-2 iliyopanda huku albumini ikiwa imeshuka sana ni sura ya sindromu ya nefrotiki, kwani makroglobulini ya alfa-2 ni kubwa mno kupenya kichujio cha figo.

Kuna mtego mmoja wa kuepukwa. Ukitumia plazma badala ya seramu, fibrinojeni hutoa bendi nyembamba (mstari kwenye jeli) kati ya beta na gama, na bendi hiyo inafanana kabisa na ya mieloma. Ukiona bendi mahali hapo, rudi kwenye chupa ya awali na utazame rangi ya kifuniko kabla ya kuandika lolote.

Si kila mieloma hutoa bendi katika seramu. Baadhi hutoa minyororo myepesi (vipande vidogo vya kingamwili) pekee, ambayo hupita kwenye figo na kuingia mkojoni; daktari Henry Bence Jones aliichunguza protini hiyo London katika miaka ya 1840. Kijiti cha mkojo hakiioni, kwa kuwa kijiti hutambua albumini hasa. Mkojo ukiwa hasi kwa kijiti lakini ukafanya ukungu mzito kwa asidi ya sulfosalisili, pendekeza elektroforesisi ya mkojo na imunofiksesheni (kipimo cha kutambua aina ya kingamwili iliyo kwenye bendi). Jaribio hilo ni rahisi na lingeweza kufanywa katika maabara yoyote ndogo.

Matumizi mengine ya albumini

Mgonjwa mwenye maji tumboni apimwe albumini ya seramu na ya maji hayo kwa siku ileile, kisha ya pili itolewe kwenye ya kwanza. Tofauti ya gramu 11 kwa lita au zaidi huonyesha shinikizo kubwa katika mshipa wa ini, kama ilivyo katika ini lililosinyaa, kichocho cha ini au moyo ulioshindwa. Seramu 26 na maji 9 hutoa 17. Seramu 27 na maji 21 hutoa 6, na hapo kifua kikuu cha tumboni au saratani huja mbele. Ni hesabu ya sekunde chache inayobadilisha njia nzima ya uchunguzi, na inahitaji tu muuguzi akumbushwe kutuma chupa mbili.

Kalisiamu nayo hubebwa na albumini kwa sehemu kubwa. Kalisiamu ya 1.95 mmol/L kwa mgonjwa mwenye albumini 22 husahihishwa kwa kuongeza 0.02 kwa kila gramu iliyopungua kutoka 40, yaani 0.36, na kuwa 2.31, ambayo ni ya kawaida. Fenitoini, dawa ya kifafa, hushikwa na albumini kwa takriban asilimia 90, hivyo kiwango chake jumla kinaweza kuonekana cha chini huku sehemu inayofanya kazi mwilini ikiwa ya kutosha au imezidi.

Haptoglobini (kibebaji cha hemoglobini) iliyoisha ni ushahidi wa seli nyekundu kupasuka, kama kwa wagonjwa wa selimundu, na seruloplasmini (kibebaji cha shaba) ya chini huleta swali la ugonjwa wa Wilson, yaani shaba kujaa mwilini.

Kuandika ripoti na kupanga kurudia

Unapoona bendi nyembamba, usiandike kwamba mgonjwa ana mieloma. Andika ulichokiona, mahali ilipo, wingi wake kwa gramu kwa lita, na upendekeze imunofiksesheni ya seramu na mkojo. Utambuzi ni wa daktari, aliye na picha za mifupa, hali ya figo na uboho. Globulini iliyokokotolewa iandikwe kuwa imekokotolewa.

Muda wa kurudia kipimo utegemee uhai wa protini yenyewe. Protini ya CRP, ambayo ini huitoa wakati wa maambukizi, hupanda ndani ya saa chache baada ya maambukizi kuanza, hufika kileleni karibu na saa 48, na nusu yake huondoka kwa takriban saa 19, kwa hiyo kuipima kila siku kuna maana. Albumini hupungua nusu kwa siku 20 hivi, na maombi ya kuipima kila asubuhi kwa mgonjwa aliyetulia hula vitendanishi tu. Mara moja kwa wiki humtosha mgonjwa wa wodini. Bendi ya mieloma inayofuatiliwa wakati wa matibabu ipimwe katika maabara ileile na kwa njia ileile, na mtaalamu atazame jeli au mchoro wa awali kabla ya kuandika kwamba imepungua.